Uzi: Sukari zilizo juu ya protini na safari ya seli ya saratani mwilini

Mtazama_Seli (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mnivumilie, uzi ni mrefu. Ni jambo ninaloshinda nalo kazini kila siku na sijaona likielezwa kwa Kiswahili likaeleweka.

Juzi nilikaa kwenye hadubini muda mrefu nikitazama seli za saratani ya utumbo mpana zikipita kwenye kijia cha kioo. Kimo cha kijia hicho hakifiki nusu milimita. Sakafu yake tumeipaka protini iitwayo selektini-E, ambayo ukuta wa ndani wa mshipa wa damu huitoa nje pale mwili unapopambana na jeraha au maambukizi. Pampu ndogo inasukuma maji yenye seli kwa nguvu inayokaribia ile ya damu kwenye vishipa vidogo.

Seli inaingia kutoka kushoto mbio. Ghafla inapunguza mwendo kama mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma. Inabiringika kidogo, inaponyoka, inashikwa tena mbele, inabiringika. Nyingine zinafika mahali zinasimama kabisa, maji yanazipita.

Kisha nikachukua seli zilezile, nikaziloweka nusu saa kwenye kimeng'enya cha sialidasi, joto nyuzi 37. Kimeng'enya hicho kina kazi moja tu: kukata aina moja ya sukari, asidi ya siali, iliyo kwenye ncha za vichaka vya sukari juu ya seli. Jeni hazikuguswa, na seli zilikuwa hai kabisa. Nilipozirudisha kwenye kijia zilipita kama majani juu ya mto. Chache mno zilijaribu kushika, nazo ziliachia papo hapo.

Nimeliona jambo hili mara nyingi na bado linanisimamisha. Uwezo wa seli kushika ukuta wa mshipa ulikuwa kwenye ncha ya sukari.

Sasa niseme sukari hizi ni nini. Protini nyingi zinazokaa juu ya seli au kutolewa nje ya seli hazitembei uchi. Zikiwa bado zinatengenezwa ndani, kwenye retikulamu ya endoplazimu, fungu la sukari 14 lililokwisha kuandaliwa hupandikizwa kwa mkupuo mmoja kwenye asidi amino iitwayo asparajini. Halafu protini inapelekwa kwenye vifuko vya Golgi, ambako fungu lile linapogolewa na kujengwa upya kwa umbo jingine. Aina ya pili huanzia kwenye serini au threonini, na hiyo hujengwa sukari moja baada ya nyingine tangu mwanzo. Wanyama kama sisi tunatumia aina kumi hivi tu za sukari kwa kazi hii, lakini kwa kuwa zinaunganishwa kwa pembe tofauti na kwa matawi, maumbo yanayotokea ni mengi sana. Kichaka kizima tunakiita glikani.

Selektini hazikuumbwa kwa ajili ya saratani. Zipo ili seli nyeupe za damu zipunguze mwendo, zishike ukuta na kutoka nje ya mshipa kwenda penye jeraha. Kinachoshikwa ni kifungu kidogo cha sukari kiitwacho Lewis x, chenye asidi ya siali kwenye ncha na sukari nyingine, fukosi, pembeni, na ndugu yake Lewis a. Wapo watoto wachache duniani wanaozaliwa na hitilafu ya kupitisha fukosi kwenye Golgi. Seli zao nyeupe zimejaa tele kwenye damu lakini haziwezi kushika ukuta, na watoto hao huugua maambukizi mara kwa mara.

Seli ya saratani ya utumbo au ya kongosho ikianza kuvaa sukari hizohizo kwa wingi, ukuta wa mshipa unaipokea kama unavyopokea seli nyeupe. Wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana ambao uvimbe wao umejaa sukari hizi wameonekana kurudiwa na ugonjwa zaidi kuliko wenzao. Na tukumbuke, kwa saratani nyingi kinachoua si uvimbe wa kwanza, ni ile mingine inayoota kwenye ini, mapafu, mifupa au ubongo.

Karibuni tujadili. Maswali yote ruksa.

---

Bint_Salha

Shukrani mkuu, nimesoma mpaka mwisho. Swali langu ni la nyumbani. Mama yangu ana saratani ya titi. Ndugu wamemkataza kila chenye sukari, hata matunda, eti saratani inakula sukari. Amekonda mpaka naogopa. Je, sukari hizi unazosema ndizo hizo za kwenye kikombe?

---

Mtazama_Seli

Pole sana dada, na mpe mama pole. Hapana, si hizo.

Sukari zilizo juu ya protini, seli inajitengenezea yenyewe. Inachukua glukosi kutoka kwenye damu, inaigeuza kuwa galaktosi, manosi, fukosi, asidi ya siali na nyinginezo, na sehemu inayokwenda huko ni ndogo tu ya glukosi yote inayotumika. Mama asipokula hata punje moja ya sukari, ini lake litaendelea kutengeneza glukosi na kuimwaga kwenye damu, kwa sababu ubongo na seli nyekundu haviwezi kukaa bila hiyo. Uvimbe utachukua humohumo. Kumnyima matunda hakuivui seli ya saratani vazi lake.

Kweli, seli nyingi za saratani hutumia glukosi kwa pupa, na ndiyo maana kuna picha za hospitali zinazoonyesha uvimbe kwa glukosi yenye mionzi kidogo. Unene uliopitiliza nao unaongeza hatari ya baadhi ya saratani. Lakini mgonjwa anayekonda wakati wa matibabu anapoteza misuli na nguvu za kustahimili dawa. Mpeleke kwa daktari wake au mtaalamu wa lishe, umweleze hivyo ulivyonieleza mimi, kwamba amekonda mpaka unaogopa. Wasikie neno hilo wiki hii, wasilisikie mwezi ujao.

Kuna mkanganyiko mwingine niuondoe hapa hapa. Kipimo cha HbA1c cha wenye kisukari nacho kinapima sukari iliyoganda kwenye protini. Ile inajibandika yenyewe kwa kuwa glukosi imezidi kwenye damu, hakuna kimeng'enya kinachoiweka. Hizi ninazozungumzia zinapandikizwa kwa mpango, kila kiungo kina kimeng'enya chake.

---

Bint_Salha

Nimekuelewa. Nitampigia kaka leo hii tuongee. Mungu akubariki.

---

Msoma_Jeni

Mkuu, mimi nimesoma baiolojia kidogo. Tulifundishwa kansa ni ugonjwa wa jeni. Sasa hizi sukari haziandikwi kwenye jeni, au sivyo? Zinabadilikaje?

---

Mtazama_Seli

Swali zuri mno, na hapa ndipo ninapopenda kukaa.

Protini ina mchoro wake kwenye jeni, herufi kwa herufi. Glikani haina. Jeni zinaandika vimeng'enya tu, na umbo la mwisho la kichaka linategemea ni kimeng'enya kipi kipo kwa wingi, kipi kilifika kwanza, malighafi ni kiasi gani, na protini ilikaa muda gani kwenye Golgi. Jeni za saratani zikivuruga ishara za ukuaji, vimeng'enya hivi navyo vinapanda na kushuka, na vazi lote linabadilika pasipo herufi hata moja ya protini kuguswa.

Tazama vimeng'enya viwili. Cha kwanza, MGAT5, kinaongeza tawi la ziada kwenye glikani, kwa hiyo kichaka kinapanuka. Cha pili, MGAT3, kinabandika sukari moja katikati ya shina. Sukari hiyo ikishakaa pale, MGAT5 hakiwezi tena kuingia kufanya kazi yake. Kwa hiyo vinawania protini ileile kwenye foleni ileile.

Seli za ngozi ya nje ya viungo zimeshikana kwa protini iitwayo kadherini-E. Kwenye tishu isiyo na ugonjwa kadherini za seli mbili zinakumbatiana na seli inakaa mahali pake. Kadherini ikivalishwa matawi ya MGAT5, kukumbatiana kunalegea. Ikivalishwa ile sukari ya katikati ya MGAT3, inakaa juu ya seli muda mrefu zaidi na kushika kwa nguvu. Matawi ya MGAT5 yana athari nyingine pia: yanashikwa na protini ziitwazo galektini, ambazo zinafunga vipokezi vya ukuaji pamoja kama wavu, visivutwe ndani ya seli kuzimwa. Ishara ya kukua inabaki inalia.

Haya yamepimwa kwa panya. Mwaka 1995 watafiti wa Japani waliingiza MGAT3 kwenye seli za melanoma, aina ya saratani ya ngozi, ambazo kwa kawaida husambaa mapafuni kwa fujo, na usambaaji ukapungua. Mwaka 2000 kundi la James Dennis huko Toronto lilionyesha kwamba panya waliozaliwa bila MGAT5, hata wakipandikiziwa jeni ya kirusi inayoleta saratani ya titi, uvimbe wao ulikua polepole na kusambaa kidogo kuliko wa wenzao.

Kwa hiyo jibu lako: ni ugonjwa wa jeni, ndiyo. Ila jeni iliyoharibika mara nyingi inafika kwenye ukuta wa mshipa kupitia mikono ya vimeng'enya vya Golgi.

---

Msoma_Jeni

Aisee. Kumbe chuo tuliruka sura nzima. Sisi Golgi tuliambiwa ni "mahali pa kufungashia" basi.

---

Kitabu_Kizee

Mleta mada, umenikumbusha kisa ambacho nadhani wana uzi watakipenda.

Mwaka 1962 watafiti Gabriel na Tatiana Gasic waliwachoma panya sindano ya sialidasi, kimeng'enya hichohicho cha mleta uzi, kilichotoka kwa bakteria wa kipindupindu. Kisha wakawapa seli za saratani. Uvimbe wa mapafuni ukapungua. Maelezo waliyoyaona karibu yalikuwa kwamba asidi ya siali imeondolewa kwenye seli za saratani na kwenye kuta za mishipa, ndiyo maana hazishiki.

Waliendelea kuchimba. Mwaka 1968 wakachapisha kwamba usambaaji ulipungua sambamba na kupungua kwa chembe sahani, zile chembe ndogo za kugandisha damu. Sialidasi ilikuwa imekata sukari za chembe sahani. Chembe sahani iliyopoteza asidi ya siali inatambuliwa na ini na kuondolewa kwenye damu, na panya wale walibaki na chache mno.

Maana yake ni kwamba seli ya saratani ikiingia kwenye damu haisafiri peke yake. Chembe sahani zinaizingira. Zinaikinga na msukosuko wa damu, zinaificha askari wa kinga wasiione, na kuisaidia kukwama ukutani. Nawaheshimu sana wale wawili. Walikuwa na jibu zuri mkononi, bado wakaendelea kulihoji miaka sita.

---

Mtazama_Seli

Mzee wangu, umeweka kisa mahali pake hasa. Na kilirudi baadaye kwa mlango wa sukari tena. Chembe sahani zina selektini yao, selektini-P, nayo inashika glikani zilizo kwenye musini, protini zenye sukari nyingi mno, za seli za saratani. Panya wasio na selektini-P wakipewa seli za saratani, chembe sahani haziizingiri seli kama kawaida na usambaaji unapungua.

---

Zamu_ya_Usiku

Mimi ni nesi. Hapo kwenye chembe sahani na selektini-P umenigusa kwa sababu wagonjwa wetu wengi wa saratani tunawachoma heparini kuzuia damu kuganda. Je, heparini haiwezi kuzuia kusambaa?

---

Mtazama_Seli

Dada nesi, umefika hasa. Heparini yenyewe ni mnyororo wa sukari wenye chaji hasi nyingi, na inakaa kwenye selektini-P mahali palepale pa kushikia. Mwaka 2001 Lubor Borsig na Ajit Varki na wenzao walionyesha kwamba kwa panya, heparini inazuia chembe sahani kushika seli ya saratani, na usambaaji unapungua sana.

Kwa binadamu haikutoka hivyo. Jaribio la FRAGMATIC la Uingereza liliandikisha wagonjwa zaidi ya 2,000 wa saratani ya mapafu, nusu wakaongezewa aina ya heparini juu ya matibabu ya kawaida. Mabonge ya damu yalipungua. Muda wa kuishi haukubadilika.

Nadhani sababu kubwa ni wakati. Panya anapewa heparini kabla tu ya kuingiziwa seli za saratani. Mgonjwa anagundulika seli zikiwa zimekwisha kusafiri miezi au miaka. Kumfungia mlango msafiri aliyekwisha kufika hakusaidii. Kwa hiyo msiache kuwapa heparini kwa kazi yake ya kuzuia mabonge, hiyo inaokoa watu, ila asitokee wa kuiuza kama dawa ya kuzuia saratani kusambaa.

---

Zamu_ya_Usiku

Sawa, nimekupata. Na je, upande wa kinga? Naona sasa kuna dawa nyingi za kuamsha kinga.

---

Mtazama_Seli

Hapa sukari zinafanya kazi nyingine kabisa. Askari wa kinga wana vipokezi viitwavyo sigleki. Vinagusa asidi ya siali na kumwambia askari: huyu ni wa nyumbani, mwache. Kwenye seli isiyo na ugonjwa ni jambo jema, linazuia mwili kujishambulia. Seli ya saratani iliyojipaka asidi ya siali maradufu inapita mbele ya askari huku kila mmoja akiambiwa amwache. Mwaka 2019 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba protini CD24 kwenye saratani ya ovari na ya titi inagusa Sigleki-10 ya makrofaji, askari wa kinga anayemeza adui, na kumzuia asiimeze seli hiyo.

Maabara ya Carolyn Bertozzi, aliyepata Nobel ya Kemia mwaka 2022 pamoja na Morten Meldal na Barry Sharpless, ilifanya jambo ambalo nalipenda sana. Waliunganisha sialidasi na trastuzumabu, kingamwili inayotafuta protini HER2 kwenye baadhi ya saratani za titi. Kingamwili inapeleka mkasi, mkasi unakata asidi ya siali pale pale kwenye seli ya saratani. Maabarani seli za kinga zikaanza kuua seli ambazo awali zilikuwa zinaziacha. Dawa inayotumia sialidasi imeingia hatua za mwanzo za majaribio kwa binadamu. Ukikumbuka kisa cha Mzee Kitabu utaona kwa nini ni bora mkasi ufungwe kwenye kingamwili: ukiachwa huru kwenye damu, unanyoa chembe sahani.

Sitaki mtu aondoke na matumaini ya kupitiliza. Seli za saratani nyingi hubeba sukari fupi iliyokatika njiani, siali-Tn, ambayo tishu isiyo na ugonjwa huwa nayo kidogo sana. Ilitengenezwa chanjo dhidi yake, ikajaribiwa kwa wanawake zaidi ya 1,000 wenye saratani ya titi iliyosambaa. Miili yao ilitengeneza kingamwili vizuri. Mwaka 2003 matokeo yakatoka: haikurefusha maisha. Wanawake zaidi ya elfu moja waliojitolea, na jibu likawa hilo. Lazima tulitaje kila tunapoyazungumza haya.

Na ipo iliyofanikiwa: dinutuksimabu, kingamwili inayoshika GD2, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2015 kwa watoto wenye neuroblastoma hatari, saratani ya seli changa za neva. GD2 ni sukari iliyo juu ya mafuta, haiko juu ya protini, lakini somo ni lilelile: sukari ya juu ya seli inaweza kuwa shabaha ya dawa na mtoto akapona.

---

Mpwa_Mmoja

Samahani nimechelewa kuuona uzi. Shangazi yangu alipimwa CA 19-9, kile kipimo cha damu cha saratani ya kongosho, kwa sababu ya maumivu ya tumbo na kukonda. Majibu yakaja chini kabisa, karibu sifuri. Hospitali moja wakamwambia hana tatizo la kongosho, arudi nyumbani. Baada ya miezi picha zikaonyesha uvimbe kwenye kongosho. Tulilia sana. Kipimo kilikosea?

---

Mtazama_Seli

Pole sana ndugu yangu. Nitakujibu kwa uangalifu, kwa sababu sijaona faili lake na sitaki kumhukumu mtu nisiyemjua.

CA 19-9 ni ile ile Lewis a yenye asidi ya siali niliyoitaja mwanzo, kishikio kilekile cha selektini. Uvimbe unaimwaga kwenye damu na kipimo kinaihesabu. Kiwango kinachochukuliwa kuwa cha kawaida ni mpaka yuniti 37 kwa mililita.

Kuijenga kunahitaji kimeng'enya cha jeni ya FUT3. Wapo watu waliozaliwa na jeni hiyo isiyofanya kazi. Ni wazima kabisa, ila kundi lao la damu la Lewis ni hasi, na wengi wao hawatoi CA 19-9 au hutoa kidogo mno hata uvimbe uwe mkubwa. Kwenye vitabu vya benki za damu vya Marekani ni takriban asilimia 6 ya Wazungu na takriban asilimia 22 ya Wamarekani Weusi. Ona tofauti hiyo. Kipimo kilichozoeleka kwa kundi moja la watu kinaweza kunyamaza mara nyingi zaidi kwa jingine, na kinanyamaza bila kusema kwamba kimenyamaza. Hili linaniuma kuliko mengine yote niliyoandika hapa. Upande wa pili, mfereji wa nyongo ukiziba, hata kwa kijiwe tu, CA 19-9 inaweza kupanda bila saratani yoyote.

Kwa hiyo CA 19-9 iliyo karibu sifuri kwa mtu anayekonda na kuumwa haitoshi kumwondolea shaka. Inatumika vizuri zaidi kufuatilia mgonjwa ambaye mwanzoni ilikuwa juu: ikishuka baada ya matibabu ni dalili njema, ikipanda tena wanatafuta. Kwa shangazi, muulizeni daktari wake mambo mawili. Je, inawezekana ni Lewis hasi? Na kama ndivyo, watamfuatilia kwa kipimo gani badala ya CA 19-9? Picha za CT zitabaki kuwa macho yao makuu, na mara nyingine huongezwa kipimo cha CEA, ambacho hakitegemei jeni ya FUT3.

---

Mpwa_Mmoja

Nimeandika maswali yote mawili kwenye karatasi. Tuna miadi Alhamisi. Nitarudi kuwaambia.

---

Mtazama_Seli

Nitakuwepo hapa.